Breki ngumu, injini nzito, kisha ghafla gari zima: uanzie kwa kompyuta, kwa fundi wa sikio, au upime mwenyewe?

Gari kuukuu lililokataa kuwaka halisumbui sana. Litavutwa, litatengenezwa, basi. Linalokondesha mtu ni lile lenye maradhi ya kuja na kuondoka. Asubuhi unashuka Daraja la Nyali, pedali ya breki imekaza kama jiwe, injini inatetemeka, ukitaka kuondoka halivuti. Saa nne ukiwa gereji, fundi analizungusha mtaa mzima na linakwenda kama limetoka bandarini jana. Anakutazama. Nawe unaanza kujishuku.

Mimi nilijishuku miezi miwili. Gari langu ni Corolla ya 1998, injini ya 5A, na kila siku natoka Mtwapa hadi Tudor ninakofundisha. Kakangu ana Probox, ami yetu ana Hiace ya dizeli, na mwaka huohuo magari yote matatu yaliugua ugonjwa wa kuvizia. Kompyuta ililiponya moja, sikio la fundi likaliponya jingine, na la tatu ami alilijua mwenyewe kabla hajampigia mtu simu. Kwa hiyo ulinganisho huu nauandika kwa risiti, si kwa kubahatisha.

Kwanza kuna hali moja isiyo na uchaguzi. Pedali ikizama polepole hadi chini huku umeikanyaga, au ikibonyea kama sponji, hapo hupimi kwa kuendesha. Ama mafuta ya breki yanavuja, ama masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, imechoka ndani, ama kuna hewa kwenye mabomba. Tafuta gari la kukuvuta. Usiseme utalifikisha polepole, tena usithubutu kushuka nalo mteremko wa feri pale Likoni. Pedali ngumu ni habari nyingine: breki bado zipo, ila umepokonywa msaada, na mguu wako unabeba kazi iliyokuwa ya mashine. Nayo ni hatari, lakini inakupa nafasi ya kutafuta chanzo.

Kwa nini viugue pamoja

Gari la petroli la zamani haliongezi nguvu ya breki kwa mtambo wake pekee. Linaazima kwa injini. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, inavuta hewa kupitia kipepeo, kile kibamba cha mlango wa hewa, kilichokaribia kufungwa, na ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa, kunabaki mvuto mkali, ndio vakyumu. Mpira mnene unautoa mvuto huo kwenye manifoldi na kuupeleka kwenye busta, ile sahani kubwa nyeusi iliyo nyuma ya masta silinda. Ukikanyaga pedali, mvuto huo ndio unaokusaidia kusukuma.

Sasa mpira ule ukipasuka, au kiwambo kilicho ndani ya busta kikitoboka, unapata hasara mbili kwa mpigo. Busta linakosa mvuto na pedali inakaza. Na hewa ya magendo inaingia kwenye injini bila kupita mlangoni, hesabu ya hewa na petroli inavurugika, injini inatetemeka au inapanda na kushuka yenyewe, na pengine inazima ukisimama kwenye taa. Mtu anadhani gari lina magonjwa mawili, anatafuta mafundi wawili. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Kinachofanya ugonjwa uje na kuondoka ni joto na mtikisiko. Ufa kwenye mpira wa miaka 20 na zaidi unaweza kujifunga ukiwa baridi. Injini ikipata moto, na mauntingi zake, zile mpira zinazoishikilia, ziwe zimechoka kiasi cha kuiacha iyumbe, ufa unafunguka. Gereji asubuhi hauonekani. Kwenye foleni ya Bombolulu saa moja na nusu upo.

Lishike hili, maana linatenganisha mengi: hewa ya magendo huitesa injini inaponguruma tu na wakati wa kuondoka. Ukishakanyaga mafuta sawasawa, kipepeo kikafunguka, tundu dogo halina athari kubwa tena. Ikiwa gari lako linatulia kwenye taa lakini linakufa nguvu mlimani, usiukamate mpira wa busta. Tatizo lako liko kwingine, na hapo kompyuta inaweza kukufaa.

Kompyuta

Siku hizi neno la kwanza utakaloambiwa ni "tulipime kwa kompyuta". Nilikubali. Gereji moja ya mjini, sakafu safi, kijana ana kishikwambi. Akachomeka. Haisomi. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Haisomi. Kisha, bila kusoma chochote, akaniambia sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, imekufa. Nikailipia. Mpaka leo sijui ile kompyuta ilimnong'oneza saa ngapi.

Kumbe sababu ya kutosoma ni ya kawaida kabisa. Mfumo wa pamoja wa kusoma makosa ya injini ulilazimishwa kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia 1996, na kwa magari ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. Gari lililotengenezwa kuuzwa Japani miaka ya 90, kama mengi tunayoendesha huku, halikulazimika kuufuata. Huenda likawa na tundu la pini 16 chini ya usukani na bado lisielewane na kile kisomaji cha bei nafuu cha Bluetooth. Corolla za umri wa langu zina kijisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, taa ya injini inapepesa na unahesabu. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililoandikwa. Yangu ilipepesa mfululizo. Ukikosea matundu unaweza kuunguza kitu, kwa hiyo mwachie anayejua.

Kasoro ya pili ya kompyuta ni kubwa zaidi kwa mwenye shida ya breki: kwenye gari kuukuu, haioni breki. Busta halina sensa. Masta silinda haina sensa. Kitu pekee kinachojulikana kuhusu pedali ni swichi ya taa za nyuma. Kama gari lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki, hiyo ina kompyuta yake, na visomaji vingi vya bei rahisi havifiki huko. Kwa hiyo karatasi ya "hakuna kosa" haithibitishi lolote kuhusu pedali iliyokaza.

Lakini nisiidharau. Probox ya kakangu ilikuwa inapoteza nguvu kila ikipanda Mazeras ikiwa na mzigo, na taa ya injini inawaka siku mbili kisha inazima. Mafundi wawili wa sikio walibadilisha plagi, wakasafisha kipepeo, wakatingisha vichwa. Wa tatu alikuja na mashine nzuri, akasoma P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, halafu akafanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: alipanda gari, wakaenda naye mpaka mlimani, mashine ikiwa mapajani.

Alichokitazama ni marekebisho ya petroli, asilimia ambayo injini inajiongezea au kujipunguzia. Gari zima hucheza karibu na sifuri. Ikijiongezea zaidi ya 10, kuna jambo. Siri iko kwenye lini inaongezeka. Namba ikiwa juu gari likinguruma tu na kushuka ukikanyaga mafuta, kuna hewa ya magendo. Ikiwa njema gari likisimama na kupanda kadiri unavyodai nguvu, petroli haifiki ya kutosha. Ya kakangu ilipaa mlimani. Walifungua tangi, maana kwenye gari hilo pampu na chujio viko humo humo, wakakuta chujio ni tope tupu. Kakangu ana desturi ya kuendesha huku sindano ya mafuta imelala chini, tabia inayonyima pampu ubaridi wa petroli. Nimemwambia. Hasikii.

Ukichagua kompyuta, shikilia mambo mawili. Namba za makosa ziandikwe kabla hazijafutwa, pamoja na ile picha ya wakati wa kosa inayohifadhiwa nazo: joto la injini, mwendo, mzigo. Na kabla ya kufika usichomoe betri, maana kwenye magari mengi ya zamani unachomoa na ushahidi.

Sikio

Baada ya sensa ya oksijeni nilikwenda kwa fundi wa kando ya barabara, wa karibu na nyumbani. Akasikia "breki ngumu", akabadilisha padi za mbele. Wiki moja, pedali ikakaza. Akasema basi ni masta. Tukabadilisha masta. Siku nne. Huyu hakuwa mwizi, nataka niseme haki. Alikuwa anatengeneza neno nililolitamka badala ya gari nililolileta.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja Kisauni, chini ya mwarobaini. Kabla hajafungua boneti aliniuliza maswali mpaka nikahisi niko hospitali. Linaanza likiwa na moto au baridi? Ukiwa na eisi (kiyoyozi) au bila? Umesimama au unakwenda? Ukikanyaga breki, injini inabadilika sauti? Hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria.

"Liache lingurume, mwalimu. Kanyaga. Achia. Kanyaga tena. Umesikia?"

Nilisikia. Kila nilipokanyaga, injini ilizama kidogo kisha ikapanda. Akaacha gari lizidi kupata moto robo saa, akashika koleo, akaizungushia kitambaa isije ikakata, akaubana mpira wa busta karibu na manifoldi. Injini ikatulia hapo hapo. Akaachia, ikarudi kutetemeka. Alipouchomoa na kuukunja, upande wa chini usioonekana ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha.

Jaribio zima lilichukua muda mfupi kuliko kunywa kahawa, na vifaa vyake ni koleo na kitambaa. Gharama yote, mpira na ufundi, haikufika nusu ya bei ya ile sensa. Ukinunua mpira huo, usikubali kukatiwa mpira wa maji. Unahitajika mpira wa vakyumu wenye kuta ngumu. Wa maji hunyonywa ukabanana, na unarudi mwanzo. Na ile valvu ya njia moja iliyo kwenye mpira irudishwe ikiangalia upande wake uleule: hewa itoke kwenye busta kuelekea injini, isirudi.

Tatizo la sikio ni kwamba ubora wake uko kwa mtu. Kompyuta mbili za aina moja zitasoma namba moja. Mafundi wawili wa mtaa mmoja watasikia vitu viwili. Kipimo changu sasa ni maswali. Anayefungua boneti kabla hujamaliza sentensi, naondoka kwa adabu. Na fundi wa sikio mwenye geji ya vakyumu ni bora kuliko asiyekuwa nayo. Injini nzima ya petroli ikinguruma tu, hapa pwani kwenye usawa wa bahari, sindano hukaa baina ya inchi 17 na 22 za zebaki, tena bila kutikisika. Geji hupungua karibu inchi moja kila ukipanda mita 300, kwa hiyo namba atakazokutajia rafiki wa Nairobi si za Mombasa. Ukishikilia mizunguko 2,500 na sindano ikaendelea kuteremka taratibu, ekzosi imeziba mahali. Hilo nalo huua nguvu kwa njia ya kuvizia.

Wewe mwenyewe

Hapa ndipo ningeanzia laiti ningejua, kwa sababu ni bure na kwa sababu wewe ndiye uliyemo garini shida inapotokea. Huna haja ya kufungua kitu.

Zima injini, kanyaga pedali mara tano sita mpaka ikaze. Mguu ukiwa juu yake, washa. Ikiwa nzima, pedali itazama kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta halipati mvuto. Kisha liache lingurume dakika moja au mbili, zima, kanyaga polepole mara chache: ya kwanza iende mbali, zinazofuata ziwe juu zaidi kila mara. Kama ya kwanza tayari imekaza, mvuto umevuja. Mwisho, kanyaga injini ikiwa inawaka, zima bila kuinua mguu, ngoja nusu dakika. Pedali ikikusukuma juu, kuna mahali busta linavuja. Fanya yote haya mara mbili, likiwa baridi na likiwa na moto. Langu lilifaulu likiwa baridi na kufeli likiwa na moto, na ningekuwa na habari hiyo mwanzoni nisingenunua masta.

Ami alilijua lake kwa njia hii. Ila lake ni dizeli, na dizeli ni kisa tofauti: injini hizo za zamani hazina kipepeo cha kuzuia hewa, hivyo hazina vakyumu ya kuazima. Kwenye Hiace nyingi za aina hiyo kuna pampu ya vakyumu nyuma ya alternata, ile inayochaji betri. Pedali ikikaza kwenye dizeli, tazama pampu hiyo na mipira yake, wala usitarajie kwamba ndiyo iliyopunguza nguvu za injini.

Daftari nalo. Andika saa, joto, eisi imewashwa au la, mafuta kiasi gani tangini, ulikuwa unasimama au unapanda. Siku kumi zatosha. Fundi mzuri atalisoma kabla ya kukuuliza.

Gari linalojishika lenyewe

Kuna ugonjwa wa tatu unaofanana na hayo yote, na kwa hewa yetu ya chumvi ni wa kuutafuta mapema: injini haina kosa lolote, ila breki zinashika bila kukanyagwa. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, unalaumu injini. Likipoa nusu saa, linaachia, na unashukuru Mungu bila kujua umeponea nini.

Pini za kalipa, kile kibano kinachobana padi za breki, zinashika kutu. Mpira wa breki unaokwenda gurudumuni unavimba kwa ndani, ukawa unapitisha mafuta kwenda na kuyakataa kurudi. Au, baada ya masta mpya kufungwa vibaya, fimbo ya kusukuma ni ndefu mno na haiachi tundu la kurudishia mafuta lifunguke. Breki zikipata moto, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, na magurudumu yanabanwa zaidi kila kilomita. Hapo hapo mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya, daraja mojawapo la mafuta hayo, huchemka si chini ya nyuzi 205. Iliyonyonya maji inaweza kushuka hadi 140, na mvuke kwenye mabomba ndiyo ile pedali ya sponji niliyoitaja mwanzo.

Njia ya kulijua haihitaji mtaalamu. Endesha dakika kumi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama penye tambarare, nyunyizia matone ya maji kwenye kila rimu. Yanayochachatika ndiyo yenye hatia. Usishike kwa kiganja. Gurudumu moja likiwa la moto, tazama kalipa na mpira wake. Yakiwa yote mawili ya mbele au yote manne, tazama masta na fimbo yake. Fundi akifungua nipo ya kutolea hewa na gurudumu likaachia papo hapo, mafuta yalikuwa yamenaswa. Lisipoachia, ni kutu kwenye kalipa yenyewe. Hakuna kompyuta itakayokuambia hili kwenye Corolla ya 1998.

Basi yupi?

Kama pedali na injini vinaugua dakika ileile, gari ni la petroli na taa ya injini haiwaki, pesa zangu zinakwenda kwa sikio, baada ya majaribio ya pedali nyumbani. Simpi kompyuta hata shilingi hapo. Kama breki ni njema na injini inakosa nguvu, hasa mlimani au mwendo wa kasi, na gari ni la miaka ya 2000 kwenda mbele, anza na kompyuta, lakini ile inayopanda gari pamoja nawe. Ya kuchomeka dakika mbili gari limesimama kivulini itakuuzia sensa. Gari la miaka ya 90 lenye taa inayowaka na kuzima, mtafute anayejua kuhesabu mipepeso; wapo bado, wengi wao wana mvi. Gari zito lisilo na dalili nyingine, maji kwenye rimu kwanza.

Yeyote utakayemchagua, mwambie mapema kwamba utamletea gari likiwa gonjwa. Mimi nilimpigia mzee wa Kisauni nikiwa kwenye foleni, pedali imekaza, nikaenda moja kwa moja bila kuzima injini. Alikuwa anakula. Aliliacha biriani lake, akatega sikio dirishani, akaniambia nisizime.

Mpira ule mbovu ninao bado, uko kwenye dashibodi. Kakangu akipanda huuliza ni wa nini.